Jumapili Niliyobaki Dukani

Juzi nilipita mbele ya kibanda cha fundi redio hapa Korogwe, naye alikuwa akizungusha kitufe kutafuta stesheni. Ule mkoromo wa redio isiyoshika kitu ulinisimamisha njiani na kikapu changu cha nyanya mkononi. Wengine huudhika wakiusikia. Mimi nikiusikia, moyo wangu hurudi Mazingara, huko Handeni, kwenye duka la ushirika la kijiji chetu, mwaka wa pili baada ya kuhamishwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumetolewa kwenye vitongoji vyetu, kila ukoo ukaelekezwa upande wake, tukapangwa mistari kama watoto wa shule. Bibi Mwanaidi, mama yake mama yangu, alihama nasi bila kugomba. Jambo moja tu lilimnyima raha. Mwanawe wa pekee wa kiume, mjomba Saidi, alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Mazinde, wala hakujua kwamba tumehama. Barua tuliyomwandikia haikujibiwa. Bibi alisema mwanawe atakuja siku moja na mzigo wake kichwani, apige hodi kwenye mahame, aitikiwe na njiwa.

Basi akashika desturi ya watu wetu. Aliyetangulia hulaza tawi bichi kwenye njia panda, ncha ikielekea alikokwenda, ili anayefuata asipotee. Tawi likiwa bichi, wenyewe wapo na wanakungoja. Likikauka, hakuna tena wa kulibadilisha. Kila Jumapili Bibi alitembea saa moja na nusu mpaka njia panda ya kwetu kwa zamani, akakata tawi la mkwaju, akalilaza. Miguu ilipoanza kumvimba, kazi akanipa mimi. “Mke mwenzangu,” aliniambia, “wewe una miguu ya swala. Nenda ukaniwekee.”

Nilikwenda asubuhi na kurudi mbio, maana Jumapili saa kumi alasiri palikuwa na mchezo wa redio. Watoto tulijaa barazani kwa muuza duka, Mzee Rajabu, yeye akitutisha kwamba atakayekohoa ataondoka. Msafiri mmoja alikuwa amepotea na chombo chake ng’ambo ya mwezi, hana mwenzi ila mashine yenye sauti ya mtu. Kila sehemu ilianza na mkoromo ule, kisha yeye akiita, “Hodi huko duniani! Kuna mtu?” Mashine humjibu kwamba hakuna anayeitika. Naye husema, “Basi zungumza nami wewe, mpaka waitike.”

Jioni nilimsimulia Bibi yote, tukipukuchua mahindi. Nikiigiza ile hodi, yeye hupaza sauti: “Karibu, baba! Tupo!”

“Bibi, ni mchezo tu ule,” nikamwambia huku nikicheka.

“Mchezo wenu nyie. Mtu akipiga hodi huitikiwa.”

Ikafika Jumapili ya sehemu ya mwisho. Asubuhi hiyo kijiji kizima, hata watoto, tuliitwa kupalilia pamba ya shamba la ujamaa. Nilipoachiwa ilikuwa alasiri. Niwaambieni ukweli, sikuhangaika sana na dhamiri. Nilisema moyoni kwamba tawi haliwezi kudhurika kwa wiki moja, nikaenda kuketi barazani kwa Mzee Rajabu. Kilikuwa kiangazi, na jua la Handeni mnalijua.

Jioni Bibi akaniuliza kama nimeliweka. Nikasema nimeliweka. “Na yule baba wa angani, kaitikiwa?”

Mdomo ukanitangulia. Nikaanza na mkoromo, nikaigiza mashine, nikaigiza kikohozi cha msafiri, mpaka pale sauti ya mwanamke inapotoka duniani kumwambia, “Tunakusikia, njoo.” Hapo nikaona mikono ya Bibi imetulia juu ya gunzi. Mtu hawezi kuwa njia panda na dukani kwa saa ileile. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami nilikuwa nimefika ukingoni kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini Bibi alisema tu, “Alhamdulillahi, kaitikiwa,” akaendelea kupukuchua. Nikajua nimepona.

Jumapili iliyofuata nilikuta tawi langu la zamani halina hata jani moja, na limevunjwa katikati. Nikadhani ng’ombe wamelikanyaga. Nikaweka jipya.

Baada ya miezi miwili alifika mgeni, Bwana Hoza, manamba wa Mazinde aliyekuja kijijini kuwaona wakwe zake. Mama alimkaribisha maji, na katika kutambulishana akamtajia jina la Bibi. Yule bwana akaweka kikombe chini.

“Mama, wewe ndiye mama yake Saidi wa Mazinde? Sisi tulikusomea khitma!”

Akatueleza. Saidi alikuja kututafuta, akakuta mahame. Kwenye njia panda akaokota tawi, likamvunjikia mkononi. Akajua mama yake hayupo tena duniani. Alirudi kambini akilia, wenzake wakachanga, khitma ikasomwa, kisha akapanda lori akaenda zake. Alisema hana tena kwao. Hakuna aliyejua lori lile lilielekea wapi.

Mama aligeuka kunitazama. “Likauke vipi? Si wewe ndiye uliyekuwa unakwenda?”

Kabla sijafungua kinywa, Bibi akasema, “Mwache mtoto. Wiki hiyo nilimzuia mimi, nikasema nitakwenda mwenyewe. Miguu ikanishinda njiani.”

Mama alilia, Bwana Hoza akaomba radhi kwa habari aliyoileta. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Usiku ule nililala fofofo.

Mjomba Saidi hatukumpata. Bibi alifariki masika yaliyofuata.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa kwamba saa ileile aliyoambiwa amempoteza mwanawe, Bibi aliona nami nitapotea mbele ya mama yangu, akaibeba lawama yangu. Nami sikumwomba radhi. Miezi ile yote tuliketi magoti yakigusana, kila jioni, mimi na yeye na mahindi. Alikuwa akinyamaza mara kwa mara na kuniangalia, akinipa nafasi. Na mimi kila aliponyamaza nilimtafutia hadithi nyingine.