Teke la Bega la Kushoto

Katika kikosi cha dereva Prokhor Zubarev kanuni ilikuwa moja: kifaru cha kamanda kikigeuka, vingine tisa vinageuka. Redio alikuwa nayo kamanda peke yake. Wengine waliambiwa watumie macho. Na kwa kuwa injini ilimeza kila neno, Sajini Gleb alimwongoza Prokhor kwa buti. Teke la bega la kushoto, kata kushoto.

Asubuhi moja ya mwaka 1942, karibu na mto Don, kombora la Wajerumani lilikata mnyororo wa kifaru cha kamanda, kikaanza kuzunguka kama kuku aliyechinjwa. Buti likatua begani.

"Kamanda kakatika mnyororo, Sajini!" Prokhor alipayuka. "Tukigeuka tunawapa ubavu!"

"Umekuwa jenerali lini? Kata kushoto, kichwa kabichi wewe!"

Prokhor alijua chuma cha ubavuni ni chembamba. Alijua pia kwamba mkaidi hupigwa risasi na wenzake. Akakata kushoto. Wote wakakata, kwa utii mkubwa, wakajipanga ubavu kwa mizinga kama ng'ombe mnadani.

Vifaru saba viliungua ndani ya dakika kumi. Gleb alifia humo, na Prokhor akatolewa bila miguu.