Mashine Iliyofunikwa Blanketi

Mama Pasi anapiga pasi akiwa amevaa sweta.

Anayekikumbuka chumba chake cha kazi hawezi kuamini. Ni chumba cha nyuma chenye dirisha moja, bati juu, meza ndefu iliyotandikwa shuka kuukuu, na pasi mbili za umeme zinazopokezana. Zamani mteja aliishia mlangoni, akanyoosha mkono kuchukua shati lake kama anayetoa mkate kwenye tanuri. Siku hizi anaingia, anavuta stuli, anajisahau.

"Wewe, shati si umeshapewa? Unangoja nini?" Mama Pasi anamuuliza mmoja wao, muuza viatu wa jirani.

"Niache nipoe kidogo, Mama Pasi. Huko nje jua halina adabu."

"Kaa, ila na baridi nayo nitakutoza."

Kwenye kona limesimama pipa jeupe, refu kama mtu, na juu yake lina kichwa kinachonguruma taratibu. Kichwa hicho huvuta joto la chumba, hulihamishia kwenye maji yaliyomo pipani, kisha hupuliza upepo wa baridi. Mafundi huiita mashine hiyo pampu ya joto. Mama Pasi anaiita Mpangaji.

"Anakaa kwangu, anakula umeme wangu, halafu anakoroma," anasema.

Lakini Mpangaji hakuletwa kuwapoza wateja. Aliletwa kwa sababu mama mmoja mzee alikuwa ameacha kuoga.

Mama Pasi ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Mumewe alipofariki, walibaki wanawake wawili katika nyumba ile: yeye na mama mkwe wake. Udobi ndio uliowalisha. Baadaye mama mkwe akapata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Muuguzi alishauri maji ya moto kila asubuhi ili viungo visikakamae.

Kwa miaka mingi maji hayo yalichemshwa uani kwa mkaa. Mama Pasi aliifunika sufuria kwa blanketi ili isipoe wakati akimwandaa mzee, kisha akamimina kwenye ndoo na kuipitisha ukumbini hadi bafuni. "Katika pesa ya siku tatu, ya siku moja ilikuwa inaishia kwenye mkaa," anasema.

Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye kizingiti. Maji yote yalimwagikia mguu wake. Kovu lipo mpaka leo, limeng'aa kuanzia kifundo hadi vidoleni.

"Maumivu nilivumilia. Kilichoniumiza ni kwamba Mama alikuwa amekaa pale pale, anaona, na hawezi kuinuka kunisaidia."

Tangu siku hiyo mama mkwe alibadilika. Leo kichwa kinauma. Leo sijachafuka. Nitaoga kesho, mwanangu. Kesho hiyo haikufika. Mama aliyekuwa akigombeza mtu kwa kukalia kitanda na nguo za safari, sasa wageni wakibisha hodi alijivuta chumbani na kurudishia mlango.

"Alikuwa ananihurumia mimi, na huruma yake ikawa inammaliza yeye," anasema Mama Pasi. "Nikajua lazima maji ya moto yaje bila ndoo."

Shemeji yake, anayefanya kazi mji mwingine, alikuwa na jibu tayari. "Nunua hita ya kuogea, shemeji. Unabonyeza, unaoga, basi. Mambo mengine ya nini?"

Fundi bomba wa mtaa, mtu wa kipara anayeitwa Koki, alikuja kupima. Akatikisa kichwa. Hita ile hula umeme mwingi kwa mkupuo. Ikiwaka pamoja na pasi, umeme wa nyumba nzima ungekatika. "Utachagua, Mama: bibi aoge au wateja wavae." Wakafikiria mitambo ya jua, lakini ghorofa la jirani huliweka paa lao kivulini karibu mchana kutwa.

Ndipo Koki alipoingia chumba cha pasi kunywa maji. Akasimama katikati, akajipangusa kipara.

"Mama, joto lote hili unalitupa dirishani?"

"Kama unalitaka, chukua bure," alimjibu, akidhani ni mzaha.

Koki hakuwa akitania. Akamuuliza kama amewahi kuweka mkono nyuma ya friji. Lile joto, akamwambia, limetolewa kwenye chakula kilichomo ndani. Mashine anayoifikiria yeye hufanya kazi hiyo hiyo, ila joto hulitoa chumbani na kulipeleka kwenye maji. Umeme wake ni kama theluthi ya hita ya kawaida. Hakumficha na mabaya yake: bei ni kubwa, inanguruma, na haina haraka, maji ya pipa yakiisha, mtasubiri saa kadhaa.

Mama Pasi alilifikiria jambo hilo kwa wiki nzima, akipiga pasi. Haraka hakuwa na haja nayo, kwani waogaji ni wawili tu. Kelele angezizoea. Mwishowe akauza cherehani yake, shemeji akajaliza kilichopungua huku amenuna, na Mpangaji akahamia.

Siku za mwanzo maji yalikuja ya moto kweli kweli. Mama mkwe aliyajaribu kwa kidole, akaguna. Alisema bado anaitazama tabia ya mashine. Halafu, siku aliyokubali kuoga, maji yakatoka vuguvugu. Kesho yake vilevile. Akarudisha mkono wake kwenye khanga. "Nitaoga siku nyingine, mwanangu. Usijisumbue."

Shemeji alipopigiwa simu alicheka. "Nilikwambia. Umenunua friji la kuogea!"

Mama Pasi alikuwa tayari kuirudisha dukani. Koki akaomba aione kwanza. Alipoingia chumba cha pasi, alisimama ghafla. Kichwa cha mashine kilikuwa kimefunikwa blanketi zito la kahawia, limekunjiwa pembeni vizuri kama la mtoto mchanga.

"Nani amemfunika huyu?"

"Mimi," ilisikika sauti ukumbini. Mama mkwe alikuwa amejikongoja kwa fimbo yake mpaka mlangoni. "Nilipita nikaweka mkono, nikakuta anatoa baridi tupu. Nikasema, maskini, mwenyewe anatetemeka, atampashaje mtu mwingine?"

Mama Pasi naye alikuwa ameliona blanketi hilo, na hata kulikaza kwenye pembe moja. Kwake blanketi juu ya maji ya moto lilikuwa jambo la kila siku. Joto lilikuwa limerudi chumbani, lakini jasho alilizoea, hakulishangaa.

"Bibi, mmemziba pua," Koki alisema. "Huyu anavuta joto kama sisi tunavyovuta pumzi. Msimfunike."

Mzee alimtazama fundi, akaitazama mashine, kisha akacheka mpaka fimbo ikatikisika. "Basi nirudishieni blanketi langu! Nalala na baridi kwa ajili ya mtu asiyelihitaji!"

Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliketi kwenye kiti cha plastiki bafuni, akafungua koki ya maji mwenyewe kwa mkono wake wa kulia. Mvuke ukapanda. Mama Pasi alisimama kando na taulo begani.

"Unasubiri nini?"

"Nikusugue mgongo, Mama."

"Mgongo wangu naujua. Toka, unirudishie mlango."

"Nikatoka," anasimulia. "Nikaegemea ukuta, nasikia maji yanamwagika. Mikono haina ndoo, haina kitu. Sikujua hata niiweke wapi."

Mlango ule bado hufungwa nusu. Komeo Mama Pasi aliling'oa mwenyewe baada ya kiharusi, akihofia mzee ataanguka akiwa peke yake. Mzee analidai kila siku. Anasema mtu mzima haogi mlango wazi.

Sasa Mama Pasi anaweka akiba ya vyuma vya kushikia ukutani na koki ya chini zaidi. Mzee akiweza kuingia na kutoka bila kushikwa, komeo litarudi. Anaongeza kwamba hilo halitachukua muda.

Anaiweka pasi chini, anaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta na kutoa kitu kilichofungwa gazeti. Ni komeo jipya, na misumari yake minne. Mama mkwe hajaambiwa.