Usimfunge Mtoto Kanga Yenye Dondo

Nakumbuka siku ambayo mama mkwe wangu aliingia chumbani kwangu, Magomeni, akaliruka tambara la mlangoni badala ya kulikanyaga. Nilidhani anaogopa kuteleza. Mwanangu, wewe uliyekuja kwenye fremu yangu ya duka hapa Kariakoo na orodha ya vitu vya mtoto umeinakili kwenye simu, kaa hapo kwenye kigoda nikusimulie kabla sijakufungia mzigo. Mzigo haukimbii.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na mimba ya kwanza. Mume wangu, Shabani, alikuwa kuli bandarini. Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji sita. Ua mmoja, bomba moja, kamba ya nguo moja. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo wa kunifunza mambo ya uzazi alibaki mama mkwe peke yake, mtu wa Kilwa aliyekaa mtaa wa Gerezani miaka mingi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wangu mimi ulikuwa majirani wa uani.

Mimba ilipofika miezi saba, mama mkwe akaniletea furushi. Nililifungua mbele ya wenzangu nikitegemea vitu vya dukani. Zilikuwa kanga kuukuu, kumi na mbili, zimepauka, nyingine hata jina lake halisomeki, zimekatwa na kupindwa kwa mkono. Akasema, "Hizi ndizo za mtoto. Vingine mtanunua mkijaaliwa." Kesho yake akapanda basi kwenda Kilwa kumuuguza kaka yake.

Mwajuma wa chumba cha pili akaishika moja kwa vidole viwili. "Shoga, mtoto wa kwanza huyo, unamfunga matambara ya deki?" Wakacheka. Nami nikacheka nao, ila moyoni niliungua kwa aibu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wiki ileile nikaja huku Kariakoo nikanunua kanga mpya, poda yenye harufu, mafuta ya rangi ya waridi, chupa za maziwa zenye picha za wanyama, na kigari cha kumfunzia mtoto kutembea, wakati mtoto mwenyewe hajazaliwa. Kanga nilizichagua kwa jina. Niliyoipenda zaidi iliandikwa "Wenye macho watazame," na niliyetaka atazame unamjua. Wala sikuzifua. Kanga ikiingia majini mara moja mng'ao wake unapungua, na mimi niliutaka mng'ao huo udumu mpaka wageni wa kumwona mtoto wamalizike. Zilikuwa na dondo la kiwandani, ule wanga wa kukazia kitambaa, ngumu mpaka unaweza kuisimamisha kanga ukutani. Zile kuukuu, moja nikaiweka mlangoni ya kufutia miguu, mbili nikapigia deki, zilizobaki nikazisukumia chini ya kitanda.

Alizaliwa mtoto wa kike, tukamwita Rehema. Siku ya kumi akaanza kutokwa na upele shingoni. Ukashuka kwapani, ukaenda mapajani. Nikampaka poda, poda ikagandana na jasho, ngozi ikachubuka na kutoa maji. Akawa analia mchana kutwa, ziwa analishika na kuliacha, na kila nikimbeba namwona kapungua. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa atanifia mikononi. Na kwa kuwa sikutaka kosa liwe langu, nikasema ni jicho la Mwajuma, nikaacha hata kumsalimia.

Rehema alikuwa na wiki tatu mama mkwe aliporudi. Alikuja moja kwa moja kutoka stendi, begi bado liko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Ndipo akaliruka lile tambara. Akaketi kitandani, akamfungua mtoto, akamtazama kwa muda. Kisha akaisugua ile kanga yenye jina zuri kati ya vidole vyake.

"Hii umeifua?"

"Bado, mama. Ni mpya."

"Na zangu ziko wapi?"

Nikatupa jicho mlangoni. Alinyanyuka mwenyewe, akaliokota tambara la mlangoni, akalikung'uta, akalikunjua kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Bi Tatu, wifi yangu," alisema. "Amezaa sita, wote wako hai. Zote nilizokuletea niliziomba nyumba kwa nyumba, kwa mwanamke ambaye mtoto wake hakufa. Mimi nilizika wawili kabla ya mumeo, na sijui mpaka leo walikufa na nini. Mumeo nilimpokea kwa kanga za kuomba. Sikuambii kanga ndiyo iliyomkuza, Mungu ndiye aliyemkuza. Lakini tangu hapo sina dua nyingine ninayoijua."

Sijasikia watu wengine wakifanya hivyo. Ilikuwa desturi yake mwenyewe, ameitoa kwenye msiba wake. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema tu, "Kanga inafulika. Kilichoniuma ni kuwa hukuuliza."

Akazivuta zile tisa chini ya kitanda, akachemsha maji, akazifua kwa sabuni ya mche, akazianika juani mpaka zikakauka kabisa. Mtoto akamwogesha maji matupu, akamkausha kwa kumgusagusa bila kumsugua, akamlaza mtupu apate hewa. Poda aliiweka juu ya kabati na kunikataza kuigusa. Asubuhi tukaenda zahanati, tukapewa dawa ya kupaka, na muuguzi akasema maneno yaleyale ya mama mkwe: nguo mpya ifuliwe kwanza, poda iachwe, mtoto asifungwe akabanwa kwa joto hili. Baada ya wiki ngozi ikakauka, na Rehema akawa ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni. Mwajuma nilimwomba radhi. Ulimi wake ni mrefu, lakini jicho lake halikuwa na kosa.

Zile kanga tatu za sakafuni hazikurudi kwa mtoto. Mama mkwe alizichemsha, akazikunja vizuri, akazitia kwenye begi lake akaondoka nazo. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi yangu yalikuja nikiwa nimembeba mjukuu wa watu.

Mwaka ukapita. Rehema akaanza kutembea kwa kujishikiza ndoo za uani, kigari chenyewe kikiwa kimeshavunjika magurudumu. Siku moja mama mkwe akabisha hodi.

"Kuna binti Temeke ana mimba ya kwanza," alisema. "Nipe kanga yako moja."

Nikafungua sanduku haraka, nikatoa nzuri kuliko zote, bado na mikunjo ya dukani. Akaitazama, akanirudishia.

"Siyo hii. Nipe unayombebea."

Nikaifungua niliyokuwa nayo kiunoni. Imechujuka, ina madoa ya uji. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akasema, "Wako ameishi. Sasa nawe ni wa kuombwa." Siku ile ya tambara sikulia, nilijikaza. Siku hii nililia mbele yake, na sikuona haya.

Basi mwanangu, mimi ni muuzaji, faida yangu ni wewe ununue vyote. Lakini nunua beseni kubwa, hilo litamwogesha mtoto, litafulia, na akikua atalichezea. Nunua neti isiyo na tundu. Sabuni ya mche, mpira wa kutandika, chupa ya chai ya kuwekea maji ya moto ili usiwashe jiko kila saa. Akifikia kula, kikombe na kijiko ni rahisi kuosha kuliko chupa zenye picha. Kigari ukikitaka ninacho, ila nakuomba usikitake. Na chochote utakachobeba hapa chenye uzi, hata kama kimefungwa kwenye nailoni na utepe, kipite majini na juani kabla hakijamgusa mtoto.

La mwisho ni hili. Mkubwa akikupa kitu kilichochakaa, usikitie sakafuni kwa sababu ya kicheko cha jirani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Muulize: mama, hiki kimetoka wapi? Huenda kimetoka kwenye kaburi ambalo hajakuonyesha. Kuuliza hakukupunguzii kitu, na kutouliza kulikaribia kuniponza mimi na mtoto wangu.

Haya, lete begi nikufungashie. Mungu akufungue salama, akukuzie huyo uliyembeba, ale ashibe, alale apone. Na akikua, aje mtu mlangoni kwako akuombe kanga.