Mama Asiyekula Samaki

Mwezi uliopita nilishuka Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga ikitoka kwenye kibanda kimoja. Miguu ikasimama yenyewe. Usinicheke, rafiki yangu. Mwanamke wa umri wangu, nimesimama kando ya barabara nikimeza mate huku machozi yananilenga, na sijui hasa kinachoniliza ni nini.

Tulifika Kisumu miaka ya sitini ikielekea ukingoni, mimi na mama, kutoka milima ya Nyeri. Baba alikuwa amefariki na shamba likabaki kwa ndugu zake. Mama alikodi kibanda Nyalenda, karibu na bomba la maji la mtaa mzima, akaanza kuuza chakula alichokijua: irio, yaani viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga. Wiki nzima tukaila wenyewe, asubuhi na jioni.

Jirani yetu, mwanamke aliyeuza samaki, ndiye aliyemwonea huruma. "Mama, hii chakula yako si mbaya," alimwambia, "lakini mtu amebeba magunia tangu asubuhi anataka ugali na samaki." Mama hakubishana. Aliomba afundishwe, naye jirani akakubali, mradi samaki wanunuliwe kwake.

Kwetu milimani samaki hawakuliwa. Mama aliwakwangua magamba huku amegeuza uso, akawapika ngege, wale sato wa ziwani, kwa nyanya na vitunguu, na maisha yake yote hakuonja hata mchuzi. Alijuaje kama chumvi imetosha? Alichungulia sahani zilizorudi. Mifupa iliyofyonzwa ikawa myeupe ilimridhisha. Nyama ikibaki, alimfuata mteja na kumuuliza, kwa Kijaluo chake kibovu, kosa liko wapi. "Mdomo wa mteja ndio mwalimu wangu," alikuwa akisema. Baada ya mwaka mmoja benchi zetu hazikutosha.

Mteja wetu wa kila siku alikuwa fundi wa baiskeli. Aliniita nyathina, mwanangu, na kuniletea peremende zilizonuka grisi ya mfukoni mwake. Kwa hiyo sikuelewa kitu ile wiki siasa ilipochafuka mjini, Wajaluo wakawageukia Wakikuyu kama sisi, akaja na wanaume wengine, akasimama mlangoni petu na kusema bila hata kupaza sauti, "Nyinyi rudini kwenu."

Kwetu wapi? Kule milimani binamu zangu waliziba pua nikiwakaribia na harufu yangu ya samaki.

Jirani aliupokea ufunguo wa kibanda, akatusindikiza mpaka kwenye basi akiwa amenishika mkono. Tuliporudi baada ya miezi miwili, mji umetulia, tulimkuta anapika kibandani mwetu, wateja wamekaa. Siku ya tatu fundi naye akaja. Akanawa mikono, akakaa mahali pake.

Mama akachagua ngege mkubwa kuliko wote.

"Mama, huyu ndiye aliyetufukuza," nilimnong'oneza kwa Kikuyu.

"Namjua. Ana njaa. Peleka."

Nikapeleka, nikaitua sahani kwa kishindo hadi mchuzi ukamwagika mezani. Alikula akamaliza, akaomba ugali mwingine. Hakuniangalia. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, miaka mingi, lakini nyathina hakuniita tena.

Nilikua nikijiuliza kama ule ulikuwa msamaha au biashara. Mama alipozeeka nilimuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Sasa ulitaka nimpikie nini?" akasema, akaendelea kumenya viazi vyake.

Jirani amezikwa kwao Pap Onditi, mama milimani. Kibanda kilibomolewa, zikajengwa nyumba za kupanga, na wanaoanika nguo pale hawajui kama palikuwa na benchi. Fundi sijui aliishia wapi. Angekuwa hai nisingemdai radhi. Ningemuuliza tu, siku ile ya kwanza aliporudi kukaa mahali pake, kile chakula kilimshukaje kooni.