Siku Niliyomwita Baba Mkwe kwa Jina Lake

Bado naona aibu kupita Manyamanyama, maana wanawake wa sokoni wakiniona wananyamaza, nikiwapa mgongo wanacheka, na wana haki, mwanamke aliyebaki na gagulo mbele ya baba mkwe wake huku akimwita jina kama anaita mbuzi acha achekwe, lakini nisikilizeni kwanza.

Mwaka jana bwana misitu alituletea utafiti mpya: tuchome nyasi mapema, mvua zikiisha tu, alfajiri kukiwa na umande, ukanda mwembamba kuzunguka mlima, ili kiangazi moto mkubwa ukose cha kula. Mimi kwa sababu nina fomu foo nikapewa kazi ya kuwaelewesha watu kwa kilugha. Wazee wakakataa (sisi tunachomaga kiangazi kikali, ng'ombe wapate majani mapya), mpaka baba mkwe akamwambia mjumbe, "Waanzie mpakani mwa pamba yangu. Mke wa mwanangu amesoma, hawezi kuniunguza." Alimwambia mjumbe, sio mimi, kwetu mkwe na mkamwana hawasemeshani, hata njiani tunapishana kwa mbali.

Siku yenyewe tukafika alfajiri na matawi yetu ya kupigia moto, bwana misitu hayupo. Dizeli ya gari lake ni ya kusubiri kibali, mnajua wenyewe. Akatokea jua liko utosini na upepo wa ziwani umeshaanza. Nikamwambia umande umekauka.

"Dada, mafuta haya nimeyahangaikia, gari hairudi tena huku. Tuwashe."

Nikaangalia watu walivyochoka kungoja, nikaona nikiwarudisha nyumbani wataniita mwongo, nikasema washeni.

Moto ukaruka ukanda. Baba mkwe alikuwa anapiga wa mbele, hajui wa nyuma yake umeshashika pamba, pamba imepasuka, inasubiri kuchumwa. Nikamwambia wifi yangu, "Mwite baba yako." Moshi umemkaba, anakohoa tu. Nikamtupia mtoto niliyekuwa nimembeba, nikafungua khanga kiunoni, nikakimbia napiga moto na kuita jina lake (hata hapa siliandiki), hasikii, mpaka nikamshika mkono nikamvuta.

Aliniangalia, akaangalia shamba, akajifunika uso kwa kofia. Mpaka leo sijui alikuwa anaficha macho yasinione mimi au yasione pamba.

"Wifi," binti yake akaniambia, "bora ungemwacha aungue kuliko kumvua heshima."

Bwana misitu akasema tutajifunza kutokana na hili, akapanda gari akaenda zake Musoma. Ajifunze nini? Pamba haikuwa yake.

Mwaka huu amerudi na maneno yaleyale, na ni ya kweli, hicho ndicho kinachoniuma. Niliposimama kutafsiri, baba mkwe akainuka akatoka, na mkutano wote ukamfuata. Hakuna aliyechoma mapema, na kiangazi mlima umeungua mpaka kileleni. Nimeapa, umande ukikauka siwashi, gari itoke inakotoka. Ila wa kumwambia hivyo sina tena.