Mwanamke Aliyeulizia Ukoo Wetu

Mara ya kwanza nilimwona kwenye lifti ya jengo letu, North York: mama wa makamo, mnene, kilemba chake kikikaribia taa. Alinisalimu kwa Kiingereza, akaniuliza kama nawafahamu wale Wakongo wa ghorofa ya tisa. Wale Wakongo ndio sisi. Nikamjibu siwafahamu, nikashuka ghorofa ya sita na kumalizia kwa ngazi.

Jumapili tukamkuta nje ya kanisa letu, kamganda mchungaji. Jioni mchungaji alikuja nyumbani amefadhaika. Yule mama alitaka kujua baba yetu alikufa kifo gani, kama kwetu kuna wizi au wazimu, kama mama yetu ni mgomvi.

"Nikamwambia shibajue," mchungaji alisema, yaani kwamba hatujui. Jirani aliyekula sombe, kisamvu chetu, kila Jumamosi kwetu naye alikuwa ameapa kwamba hajawahi kutuona. Niliwashukuru wote wawili.

Usitucheke. Tulitoka mashariki ya Kongo katika ile miaka ya tisini, na huko mgeni akianza kuulizia jina la baba yako na kijiji chake, hungoji amalize. Mama alifunga mapazia. Akatukataza kupokea simu. Mimi nikaanza kwenda kazini Malton kwa njia ya kuzunguka, nikibadili basi bila sababu na kumkagua kila aliyepanda nyuma yangu.

Aliyeumia ni mdogo wangu. Alikuwa na mchumba aliyekutana naye chuoni, Mwigbo kutoka Nigeria, kijana mpole mno, na upole wenyewe ndio uliokuwa ukinitia shaka. Ghafla akaacha kuja. Mdogo wangu alipombana, akasema ukweli: mwenye kilemba ni shangazi yake. Kwao ukioa mtu umeoa ukoo, kwa hiyo kabla ya kwenda kubisha hodi rasmi, hutumwa mtu kimyakimya kuulizia watu wa binti. Shangazi aliuliza jengo zima na kanisa zima, na hakupata hata mtu mmoja anayetujua. Afadhali tungesemwa vibaya, kwani hata mwizi ana majirani. Wazee wao wamekataa ndoa.

"Visingizio," nikamwambia. "Anatafuta mlango wa kutokea."

Alilia mpaka mama akatoka chumbani na kusema waitwe, waje waulize wenyewe.

Wakaja: kijana, shangazi, na mjomba wao mzee mwenye kofia nyekundu. Mama akaandaa chai na mandazi. Hawakugusa. Nikajisemea, wanaogopa sumu hawa. Mjomba akatoa mfukoni kokwa za kola, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Alieleza kwamba ni mwenyeji anayepaswa kuzitoa, ila kwa kuwa sisi si wa huko, ametuletea. Bila kola, ziara haijaanza. Mama akazirudisha kwake, azibariki. Mzee aliomba kwa Kiigbo, maana kola, alisema, haisikii Kiingereza. Akapasua, akatafuna yeye kwanza. Nililitazama koo lake mpaka akameza, ndipo nami nikatia kipande changu mdomoni. Kichungu kama mwarobaini.

"Kwetu," shangazi alisema, nami nikamtafsiria mama, "binti asiyeuliziwa ni binti asiyetakiwa."

Mama akaweka kikombe chini. "Mwambie hivi. Kwetu, benye balikuya kuuliza jina ya baba ya mutu, njo benye balikuya kumuua."

Nilitafsiri kwamba waliokuja kuulizia jina la baba wa mtu ndio waliokuja kumuua, tena kwa ukali zaidi ya alivyosema. Kijana akainamisha kichwa. Shangazi akafuta machozi, akasema kwamba kwao pia kulikuwa na vita, yeye akiwa msichana, na anajua kujificha. "Lakini mama, watu wako wote wakikukana, nani atakusemea?"

Sikumwamini. Machozi ya mtu mzima yanaweza kukodiwa, nilifikiri. Mama ndiye aliyemwamini, sijui kwa nini.

"Nitajisemea," alisema. "Usitafsiri. Benye nitataja, nabo habasikie Kingereza."

Akaanza na babu yake. Alitaja nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alikuwa fundi wa matofali, nani alipenda ugomvi. Hata huyo hakumficha. Kwa miaka yote hatukuwahi kumsikia akitamka hata jina moja. Wageni hawakuelewa neno, lakini mjomba alivua kofia yake. Mama akafika upande wa baba, akawataja ndugu zake mmoja mmoja, na katikati yao akatamka jina la mdogo wangu.

"Yes, Mama?" mdogo wangu akaitika.

Mama akageuka, akamtazama.

"Si weye," alisema. "Ni tantine yako. Njo mwenye jina."

Mimi nilimkumbuka huyo shangazi yetu. Alinifundisha kusuka nywele. Mdogo wangu hakuwa amejua kwamba jina lake liliwahi kuwa la mtu mwingine. Alibaki na kipande chake cha kola mkononi, akamwomba mama aendelee.