Usukani wa Libuyu

Sisi wa mtaa wa Nguba tulizoea kumcheka Didier na mashua yake. Mtu mzima, mhasibu wa shirika, kila Jumamosi anasukuma ziwani kimashua cha tanga kilichoachwa na Wabelgiji, halafu baadaye tunamwona anarudi amevutwa kwa kamba nyuma ya mtumbwi wa wavuvi! Kosa halikuwa lake peke yake. Usukani wa zamani ulikuwa bamba fupi la chuma. Upepo ukizidi na mashua ikilala upande, bamba linatoka majini, na hapo mashua inajiendea itakako. Siku moja nusura ipasue mtumbwi wa akina mama wa kisiwa cha Idjwi uliojaa mananasi. Matusi aliyoyapata siku ile, hata mimi niliyekuwa ufukweni niliinamisha kichwa.

Akamwita Marcellin, seremala. Marcellin alilitazama lile bamba akatikisa kichwa.

"Tonton Didier, hii guvernai iko mufupi sana. Inaomba ingine murefu, ishuke chini kabisa. Mbele tunaizungusha, nyuma tunaipunguza ikuwe nyembamba, maji ipite bila kupigana. Lakini leta mbao yenye ilikauka muzuri. Ya soko iko mubichi, itapinda."

Mbao kavu Didier alijua zilipo. Juu ya dari ya jiko la nje, mama mkwe wake, Maman Bulonza, aliyeishi nao, alikuwa ameweka mbao za libuyu, zile nyekundu, ngumu, ambazo mchwa hawaziwezi. Hakuficha ni za nini. Mumewe alizikwa katika mkaratusi mbichi, jeneza likapasuka kabla ya kufika makaburini, na tangu hapo bibi aliapa mbele ya watoto wake: "Miye, mutanizika mu libuyu." Didier alichukua ubao mmoja, ule mpana kuliko yote, mama akiwa misani. Alijiambia atarudisha mwingine. Mama mwenyewe alikuwa mzima, analima maharagwe yake. Haraka ya nini?

Na kweli ule usukani ulikuwa mzuri, tuseme haki. Mkono mmoja tu kwenye mpini, mashua inageuka, hata upepo ukiwa mkali. Tukaacha kucheka. Maman Bulonza naye akateremka ufukweni kuona. Alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mama mkwe, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya kusikika: "Aurore, ambia bwana yako, guvernai yake iko muzuri sana."

Didier aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Toka siku ile mchezo wake ukamwia mchungu. Kila akishika mpini alijua ameshika kitu cha wizi.

Lakini angesemaje? Kwetu Bushi mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja, na neno zito hupitia kwa mke. Kumtajia mama mkwe jeneza lake ni kama kumuuliza anaondoka lini. Sawa. Lakini mke alikuwepo, na kwake pia alinyamaza, na hapo simtetei: ulikuwa woga mtupu. Alinunua ubao mwingine wa libuyu, mbichi, akauegemeza ukutani ukauke. Ukapinda.

Mvua zilipoanza, kifua kilimshika mama akalazwa. Aurore alishinda kando ya kitanda. Didier alileta chakula kila jioni akaishia kwenye kolido ya hospitali, akisingizia heshima. Mama hakumaliza wiki.

Marcellin aliteremsha mbao za jeneza, akapima, akapima tena: ubao mmoja ulipungua. Didier alikuwa ameshashuka ziwani. Alifungua bolti, akaubeba usukani begani, akaja analia njia nzima bila kujali nani anamwona. Marcellin aliugeuza huku na huku.

"Tonton, hii nilishaipunguza. Mbao yenye ilishakatwa haiongezeke."

Akaziba upande mmoja kwa mkaratusi, akafunika jeneza lote kwa kitambaa cheupe.

Hapo ndipo Didier alipomvuta mkewe nyuma ya jiko akamweleza yote. Aurore hakushtuka.

"Maman alijuaka tangu ile siku ya guvernai. Libuyu yake, angekosa kuijua? Nilitaka kukuuliza, akanikataza. Alisema: 'Umuache. Mukwe wangu iko muntu wa heshima, atakuya mwenyewe kuniambia.'" Akajifuta macho. "Hata ku hospitali, kila mulango ikifunguka, alikuwa anauliza kama ni weye."

Walipoinua jeneza, Didier aliomba nafasi upande wa kushoto. Ndio upande wa mkaratusi.